Chupa ya dirishani

Mama mmoja wa Ujiji huchota maji ziwani, huyachuja kwa kitambaa, kisha hutia dawa ya klorini. Chupa ya dawa hukaa dirishani, juani, na ina zaidi ya mwaka. Mwanawe wa miaka miwili alipoanza kuharisha tena, aliapa kwa muuguzi kwamba hakusahau dawa hata siku moja. Kweli, hakusahau.

Klorini hiyo hutengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi. Ikikaa kwenye joto na mwanga, polepole hurudi kuwa chumvi. Rangi haikupi habari. Harufu tu hufifia. Kifuniko kilekile, nguvu haipo. Na Kigoma haijasahau Mei 2015, kipindupindu kilipowakumba wakimbizi wa Burundi pale Kagunga, wakisubiri MV Liemba iwavushe.

Mtoto alipewa ORS na zinki. Chupa mpya iko kabatini, gizani, asikofika mtoto, tarehe ya kufunguliwa imeandikwa ubavuni. Spiriti ya vidonda ameiweka mbali nayo, maana vikichanganyika hutoa sumu. Siku ambazo dawa imekwisha, anachemsha.