Miwani ya Michezo na Kizunguzungu

Yule kijana wako avuaye miwani ya uhalisia pepe huku akitapika, usimdhanie mgonjwa. Miwani nyingi za namna hiyo hutaka picha 90 kila sekunde. Kompyuta dhaifu ikichelewa, kichwa chageuka na picha yabaki nyuma. Ndipo tumbo huchafuka.

Hapa Temeke mpwa wangu alitaka mama yake auze cherehani, ndiyo ada ya wadogo zake, apate kadi mpya ya picha. Nikasema, ngoja kwanza. Mwaka 2021 kampuni ya AMD ilitoa programu iitwayo FSR, bure kabisa, ikubaliyo hata kadi kadhaa za zamani za NVIDIA, mshindani wake! Kompyuta huchora picha ndogo, kisha programu huikuza na kuzinoa kingo zake. Kila upande ukipunguzwa hadi theluthi mbili, nukta za kuchorwa hazifiki nusu. Cherehani haikuuzwa.

Uzuri hupungua, sikufichi: majani na maandishi ya mbali hufifia. Heri ukungu kidogo kuliko ndoo kitandani. Michezo kadhaa inayo tayari katika mipangilio yake. Ila ikiwa kinacholemewa ni prosesa, wala si kadi, haitakufaa.