Mbegu za Shangazi wa Mandewa

Ukikaribia Singida, mawe ndiyo yanayokupokea. Majabali makubwa yamepandana kama yaliyopangwa na mtu, upepo hauishi, na maziwa mawili, Singidani na Kindai, yana maji ya chumvi. Nilishuka mjini, nikaenda kata ya Mandewa kumwona shangazi yangu.

Nilimkuta uani na ungo wa alizeti. Punje nyingi alizimimina katika gunia la kupeleka kukamuliwa mafuta. Chache, zilizojaa vizuri, alizitia katika kibuyu.

"Hizi nimezichagua," alisema.

"Ndizo zenye mafuta mengi, shangazi?"

Akacheka. "Hizi haziliwi, mwanangu. Hizi zinakwenda udongoni, ili wengine wapate kula."

Maneno hayo yalinichoma. Nyumbani nilikuwa nimeacha jambo la aibu. Kikundi chetu cha akina mama kilikataa kwenda kwa jirani aliyefiwa, kwa kuwa hasali pamoja nasi. Tulisema sisi ni wateule. Nami nilinyamaza.

Usiku ule nilifungua Biblia. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 7, Waisraeli wanaambiwa kwamba Mungu hakuwachagua kwa wingi wao, maana walikuwa wachache kuliko mataifa yote. Aliwapenda, tena alikumbuka kiapo alichowaapia baba zao. Wanaitwa kwa neno la Kiebrania segula, yaani hazina ya pekee, kama ile ambayo mfalme hujiwekea mwenyewe. Lakini katika Mwanzo 12, Abrahamu alipoitwa, aliahidiwa baraka ya kuzifikia jamaa zote za dunia. Naye nabii Amosi, katika sura ya 3, anayavunja majivuno: kwa kuwa Mungu aliwajua Israeli kwa namna ya pekee, ndiyo maana atawapatiliza maovu yao. Katika sura ya 9 anawakumbusha kwamba Wafilisti nao walitolewa Kaftori na Mungu yuleyule.

Basi uteule si kiti cha kukalia. Ni kazi, tena ina hesabu yake.

Niliporudi nilikwenda kwanza kwa yule jirani. Matanga yalikwisha kuanuliwa. Hata hivyo alinikaribisha, akanipa kigoda. Nilimwomba radhi, kisha nikachukua ndoo nikamchotee maji.

Mama mwenzangu, wewe umechaguliwa kwa faida ya nani?