Zamu ya Perth, Mwezi wa Sori

Perth ina wake wengi wanaolala peke yao kwa ratiba. Waume zao wako kwenye migodi ya chuma ya Pilbara, kaskazini mwa jimbo la Australia Magharibi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Huenda na kurudi kwa ndege: wiki mbili kazini na moja nyumbani, au siku nane kwa sita, kutegemea mkataba. Mume wangu ni mmoja wao. Kalenda kwenye friji yetu ina siku nyekundu na za kijani mpaka Desemba, na hata mtoto wetu wa chekechea anaisoma.

Kwetu Sori, Kenya, kando ya Ghuba ya Karungu katika Ziwa Victoria, mume kutokuwapo hakumshangazi mtu. Mwanamume huingia ziwani, au hushuka kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Macalder, akarudi atakaporudi. Ila mke wa mvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, naye ana kalenda yake, na imetundikwa angani. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi za betri na sola, kwa kuwa hufuata mwanga. Mwezi ukipevuka taa haina kazi, na wanaume hushinda nyumbani wakishona nyavu na kuwaamrisha watoto ambao wameshazoea kuamrishwa na mama. Halafu kuna miezi ya marufuku, kuanzia Aprili hadi Julai, omena waachwe wazaane. Mama akipanga kulipa karo au kuezeka nyumba, huanza kwa kuuliza mwezi umefika wapi.

Wake wa wavuvi wa mbuta, yaani sangara, hawana hata huo mwezi. Waume zao hupanda boti Sori au Muhuru Bay kwenda Migingo, lile jiwe lisilofika hata ekari moja ambalo Kenya na Uganda zimekuwa zikiligombania tangu 2008 au hata kabla. Huko wanaume huishi kwenye vibanda vya mabati vilivyobanana, wakiuza samaki kwa wenye barafu na kutuma pesa nyumbani kwa M-Pesa. Atarudi lini? Mafuta yakipatikana. Samaki wakipungua. Askari wa upande wa pili wakiacha kukamata injini. Wifi yangu, mke wa kaka, ameishi na majibu ya namna hiyo tangu aolewe.

Nilipokuja huku nilimwonea huruma. Sasa sina hakika nani anastahili kuhurumiwa. Wifi anaijua kazi ya ziwani mpaka ndani. Alfajiri yuko ufuoni, ananunua omena kwa ndoo, anawaanika juu ya nyavu kuukuu, anawauza kwa gorogoro siku ya soko. Bei ikishuka anajua kabla ya mumewe. Boti ikikaribia, anaitambua kwa mlio wa injini. Mimi mgodi wa mume wangu sijawahi kuuona. Naona mshahara ukiingia benki na vumbi jekundu likitoka kwenye buti.

Kisha kuna watu. Mume wa Sori akiwa kisiwani, mama mkwe yupo, wake wa shemeji wapo, chama kipo, na mtoto akiugua usiku kuna mtu wa kuamshwa. Bei yake ni kuchungwa. Nani alikuja kwako jana jioni? Kwa nini taa iliwaka mpaka saa sita? Na kisiwani nako hakuna anayemchunga mume. Jaboya, ule mtindo wa mvuvi kumwuzia mama mchuuzi samaki kwa sharti la kulala naye, umeingiza Ukimwi katika nyumba nyingi za kaunti za Migori na Homa Bay, na mke aliyebaki akilea ndiye huambiwa mwisho. Sitaki kuipamba Sori.

Perth hakuna anayenichunga. Jirani hunipungia mkono siku ya kutoa mapipa ya taka, basi. Nikizungumza na wifi saa nne usiku, kwao ni saa kumi na moja jioni, boti zinajiandaa kuingia ziwani, na nasikia sauti za watu sita nyuma yake. Kwangu nasikia friji. Wenyeji wa huku nao wameona ubaya wa maisha haya: mwaka 2015 kamati ya bunge la jimbo ilitoa ripoti nzima kuhusu afya ya akili ya wafanyakazi hawa wa kwenda na kurudi, baada ya vifo vya kujiua kuzua kelele.

Hata hivyo kuna kitu kimoja cha Perth ambacho ningekipeleka Karungu kesho, nacho si pesa. Ndege ikiruka, kuna orodha ya waliopanda. Kambini kuna orodha ya waliolala. Jina langu na namba yangu ya simu vimo kwenye faili ya mume wangu, na likitokea la kutokea kuna mtu ambaye kazi yake ni kunipigia. Sori boti ikizama, wanawake hukusanyika ufuoni na kuanza kuulizana: nani alipanda? Fulani si alisema anaenda kesho? Nimekulia kwenye hesabu hizo, na hakuna ngoja inayoumiza kama hiyo.

Tangu kanuni za 2007, kila ufuo una kamati yake ya usimamizi, BMU, nayo huandikisha wavuvi na boti. Daftari tayari lipo. Viongozi wa ufuo wa Sori, ongezeni ukurasa mmoja: boti gani imetoka, nani wamo, inaelekea wapi, inatarajiwa lini, na namba ya simu ya mke au mama wa kila mmoja. Kalamu ni shilingi ishirini.