Magazijuto na Ndugu Yake

Alasiri inapoegemea magharibi huko Kamachumu, wilayani Muleba, watoto wa sekondari hupita kati ya migomba na mibuni, madaftari kwapani, wakielekea tuisheni. Ada yao hutoka kibanjani: kahawa ya maganda huanikwa, huuzwa, na sehemu ya fedha humfikia mwalimu. Masomo yanayotafutwa sana ni mawili, hisabati na Kiingereza, na kila moja lina siku yake.

Siku moja binti wa kidato cha kwanza aliingia barazani kwa mwalimu mstaafu. Katika shule ya msingi hesabu zilikuwa fahari yake. Sasa karatasi ya jaribio ilikuwa imerudi na sifuri.

"Shikamoo Mwalimu. Akili yangu imekwisha."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Mwalimu hakufungua kitabu. Alimwuliza: kibanja cha bibi yako kikiwa na urefu wa mita 40 na upana wa mita 25, ua wa kukizunguka utakuwa mita ngapi? Binti akajibu papo hapo: 130. Ndipo mwalimu akamwonyesha swali la kwanza katika karatasi ile. Lilikuwa swali la namna hiyohiyo. Mzingo aliujua tangu shule ya msingi. Aliposoma "perimeter" hakujua kwamba ni mzingo uleule.

Kisha mwalimu akaandika ubaoni MAGAZIJUTO, neno ambalo watoto wa Tanzania hulikariri wakiwa wadogo: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kando yake akaandika BODMAS. Sheria moja, majina mawili. Binti alitazama, akacheka, kisha machozi yakamtoka.

Katika shule nyingi za msingi za serikali Tanzania Bara mtoto hufundishwa kwa Kiswahili. Akifika sekondari, lugha hubadilika kuwa Kiingereza. Mtoto wa Kamachumu huvuka mara mbili. Nyumbani husema ikumi kwa Kihaya, na shuleni husema kumi. Hayo ni maneno ndugu, na kijito kilicho kati yake hurukwa kwa hatua moja. Baada ya hapo huambiwa "ten", na mbele yake huwa ziwa. Hata mtoto wa pwani, aliyenyonya Kiswahili, hulikuta ziwa hilohilo.

Mwalimu Nyerere alipomvusha Shakespeare kwa Kiswahili, katika tafsiri ya Julius Caesar iliyotoka mwaka 1963, watu walisifu kazi ya mfasiri, na ilistahili. Mwalimu wa tuisheni naye ni mfasiri, ingawa hakuna amwitaye hivyo. Siku ya hisabati na siku ya Kiingereza, kazi yake ni ileile.

Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Nauli ya kuvuka lugha bado hulipwa kwa kahawa ya bibi. Je, yule ambaye bibi yake hana mibuni? Hubaki ng'ambo na akili zake timamu, akiamini kuwa ni mjinga.

Binti yule alirudi nyumbani na daftari lenye safu mbili za maneno. Bibi alipomwuliza amejifunza nini, alimweleza habari za ua na mita 130, kwa Kihaya, bila kukosea.