Dowa, wilaya yetu ya sasa



Juzi sisi wajitoleaji wa darasa la watoto hapa Dzaleka, Malawi, tuliwaambia watoto wachore ramani ya nyumbani. Mmoja wa miaka kumi akachora vilima, mahindi na bomba la maji tunapopanga foleni ya ndoo. Tukamwambia hapana, chora Fizi. Akauliza, "Kaka, Fizi iko na nini?" Amezaliwa hapa. Tukanyamaza, maana hata hii Dowa, wilaya tunayoishi miaka yote, hakuna kati yetu aliyeweza kumweleza.

Basi tukaenda kwa jirani mmoja mzee, Mchewa, ambaye wengine wetu humlimia kibarua. Tunamwita agogo, yaani babu. Lugha haisumbui sana: maji ni madzi, mvua ni mvula, moto ni moto tu.

Akaanza na jina. Kabla kambi kufunguliwa 1994, Dzaleka ilikuwa gereza, na wapinzani wa Rais Kamuzu Banda walifungwa humo. Kuleka ni kuacha: ukiingia, utaacha mambo yako. Kumbe! Na jina hilo bado liko na meno. Lilongwe ni kama kilomita 45 tu, lakini mwaka 2023 ilipotoka amri wakimbizi wote warudi kambini, wenzetu waliokuwa na maduka mijini walirudi na magodoro kichwani.

Halafu kuna Mvera, upande wa kwenda Salima, misheni ya tangu 1889, karibu na alipokaa Chiwere, chifu wa Wangoni. Kumvera ni kusikia, kutii. Wilaya moja, jina moja linasema acha, lingine linasema tii. Tulicheka sana hapo.

Lakini tulidhani Kiswahili kimefika huku na sisi. Agogo akatikisa kichwa. Karne ya 19 kilishafika Nkhotakota, kando ya ziwa, na akina Jumbe, wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka pwani. Watu wa pande hizi walikamatwa, wakavushwa ziwa kwa majahazi, hawakurudi. Hatukujua tuseme nini, na lugha ni hiyo hiyo mdomoni mwetu. Yeye akatuongezea karanga kwenye sahani.

Ramani sasa ni mbili ukutani. Ya Fizi tumechora sisi wakubwa, na Tanganyika ya bluu. Ya Dowa wanachora watoto. Wamefika Mvera.