Haraka yangu ilivyochubua magurudumu ya baba

Ewe msomaji, je, umewahi kuharibu kitu cha mzazi wako siku ile ile uliyotaka kumfurahisha? Mimi nimewahi. Hadi leo nikimwona fundi wa pancha akigonga tairi kando ya barabara, moyo hunidunda.

Baba yangu, mwalimu mstaafu, ana gari aina ya Peugeot 404 alilonunua kuukuu mwaka 1978. Huenda vijana wengi hawalijui. Lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, na wazee wetu hulikumbuka kwa kushinda mbio za Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Kwetu nyumbani twalikumbuka kwa mengine. Ndilo lililomleta mama kutoka hospitali kila alipojifungua, na ndilo lililotupeleka sote shule ya bweni, masanduku yakiwa yamefungwa juu kwa kamba.

Dada yangu mdogo alipoposwa, alikataa katakata gari la kukodi. Alisema ataketi kiti cha nyuma cha gari la baba. Baba hakusema neno, lakini kesho yake alfajiri nilimkuta akilipangusa huku akipiga mluzi.

Nami nikajitolea kupaka magurudumu rangi. Rimu zilikuwa zimeliwa na kutu, kwa hivyo nikamwita fundi akang'oa tairi. Nikazisugua rimu kwa msasa, nikapaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi ya fedha. Hiyo ilikuwa Jumatano. Harusi ilikuwa Jumamosi, ya kwanza katika mwezi wa Agosti. Alhamisi jioni niliigusa rangi kwa kidole, nayo haikunata. Nikajiambia imekauka. Hapo ndipo nilipokosea.

Msomaji, kukauka si kukomaa. Rangi ya mafuta hukauka juu kwanza, ikafanya utando kama ule wa maziwa yaliyochemshwa. Chini ya utando huo rangi ingali laini, kwani dawa iliyoiyeyusha bado inatafuta njia ya kutoka. Katika baridi ya Nairobi ya Julai na Agosti, rangi ya namna hii yaweza kutaka majuma matatu au manne ndipo iwe ngumu. Ile inayochanganywa na dawa ya kuigandisha hukomaa upesi zaidi, yapata juma moja. Ile ya unga inayochomwa katika tanuri huwa ngumu mara inapopoa.

Ijumaa asubuhi nilizipeleka rimu kwa fundi.

"Bosi, rangi imekomaa?" aliniuliza.

"Imekauka. Fanya haraka," nikamjibu.

Basi akafanya haraka. Akalaza rimu juu ya changarawe, akaingiza vyuma vyake, akakaza. Kila chuma kilipogusa, rangi ilitoka kama ganda la ndizi mbivu. Alipomaliza, hapakuwa na gurudumu hata moja lililopona. Siwezi kumlaumu fundi, kwa maana aliniuliza.

Jumamosi baba alilizunguka gari pole pole. Akainama, akagusa kovu moja kwa kidole. Kisha akasema, "Twendeni, bibi harusi asichelewe." Picha ya siku hiyo imetundikwa sebuleni mwake hadi leo. Dada yangu anacheka dirishani, na chini ya mlango kovu laonekana wazi.

Ilipofika Januari, jua likiwa kali, nilimwomba baba ruhusa nirudie kazi ile. "Safari hii tutafanya pamoja," akasema.

Tulipopaka, alitia alama kwenye kalenda ya jikoni. Tukangoja majuma manne kamili. Siku ilipofika, alibonyeza ukucha sehemu ya nyuma isiyoonekana. "Ukucha ukiacha alama," alinieleza, "unarudi nyumbani kungoja." Haukuacha.

Tulianika tairi juani hadi mpira ukawa laini. Tukatandika blanketi kuukuu, tukalaza rimu juu yake. Akanionyesha jambo ambalo sikulijua: kila rimu ina bonde linaloizunguka kwa ndani, nalo liko karibu zaidi na ukingo mmoja. Tairi huingizwa kupitia ukingo huo. Tukapaka mdomo wa tairi sabuni maalumu ya kazi hiyo. Grisi na mafuta ya injini hayafai, kwa kuwa hudhuru mpira. Kati ya chuma na rimu tukaweka vipande vya plastiki tulivyokata kutoka mtungi mkuukuu.

Baba alikandamiza upande wa pili kwa magoti ili mdomo wa tairi ukae bondeni, nami nikaingiza upande wangu kidogo kidogo. "Ukiona unatumia nguvu," alisema, "jua kuna mahali umekosea. Upande wa pili umetoka bondeni." Kwa kuwa tairi zetu hutumia mpira wa ndani, tuliutia poda na upepo kidogo kwanza usije ukabanwa. Kisha tukajaza upepo taratibu, bila kuinamia gurudumu, na bila kupita 40 kwenye kipimo.

Ukienda kwa fundi mwenye mashine, mwombe aishike rimu kwa ndani, na uzani wa kusawazisha gurudumu uwe wa kubandika, si wa kugongwa ukingoni. Mahali nati zinapokaza, rangi isiwe nene. Rangi nene hupondeka, nati zikalegea. Zikaze tena baada ya kilomita 50 hivi.

Tulipomaliza gurudumu la nne hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ndipo nikapata ujasiri. "Baba, unisamehe kwa ile siku ya harusi."

Alifuta mikono kwa tambara. "Alhamisi ile niliiona rangi ikiwa mbichi," akasema. "Nilitaka kukuambia. Lakini ulikuwa na furaha, mwanangu, nami nikanyamaza. Basi kosa ni letu sote."

Nilikosa la kusema. Tangu utotoni nimemwona baba akipaka, akifunga na kufungua gari lile, na katika juma lile zima la harusi sikumwuliza swali hata moja. Nilitaka kumshangaza.

Kwa hivyo msomaji, ukiwa na gari kuukuu uwanjani na mzee aliyelitunza angali hai, usianzie dukani kwa rangi. Anzia kwake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.