Kifuniko cha Birika

Tuliporudi Moroni mwishoni mwa Agosti 2015, baada ya wiki tano za likizo Tanga, mizigo tuliiacha sebuleni na mume wangu akashuka uani kutazama birika. Akafunua kifuniko, akateremsha ndoo kwa kamba, nikaisikia ikigonga saruji. Mlio ule ninao mpaka leo. Maji yaliyobaki hayakufika goti, kusi ilikuwa bado inavuma, na mvua za kaskazi zilikuwa miezi mbele yetu.

Mwanangu wa kiume, wakati huo ana miaka 6, aliniuliza tunarudi nyumbani lini. Nikamwambia hapa ndipo nyumbani. Akalia, nami sikumkanya, kwa sababu kilio kilikuwa kimenikaba mimi pia. Kwa mama yangu Tanga tulikuwa tukifungua bomba na kuondoka kwenda kutafuta sabuni. Mwaka mzima wa kujifunza kuoga kwa makopo matatu ulikuwa umefutika kwa wiki tano.

Mtu asiyeijua Ngazija, kisiwa cha Komoro ulipo mji wa Moroni, huona ajabu kisiwa chenye mvua kubwa vile kulia kiu. Mvua inanyesha, tena ya kutisha, lakini Karthala ni volkano na mwamba wake una matundu kama sifongo. Maji hupenya yakazama, hakuna mto unaotiririka mwaka mzima, na visima vya pwani vina chumvi. Mabomba ya mtaani kwetu yalitoa maji siku chache tu. Kwa hiyo watu hulima paa: bati, gata, kisha birika la saruji chini.

Aliyetuokoa jioni ile ni mama mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita koko, yaani bibi. Nyumba ilikuwa yake hasa. Huko Ngazija nyumba hurithiwa upande wa wanawake, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Alimtuma mjukuu wake na ndoo mbili. Binti yangu akazipokea, akasema, "Marahaba, koko." Nikamvuta pembeni nikamkumbusha kwamba marahaba huitikia mkubwa aliyeamkiwa. Mtoto akanitazama kwa huruma. "Mama, hapa ndiyo asante." Nilikuwa nalijua hilo. Sikutaka tu neno hilo limkae mdomoni.

Koko ndiye aliyetufundisha upya, safari hii kwa makini zaidi. Maji ya kuoshea mchele hupewa mchicha, na ya kufulia husubiri chooni. Mvua ya kwanza ya msimu haiingizwi birikani hata kiu iwe kali namna gani: unageuza bomba la gata pembeni, paa lioshwe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo unalirudisha. Alikuwa na sababu ya kushika sana jambo hili. Novemba 2005 Karthala ilitema majivu yakaingia mabirikani, na yeye na binti zake walichota tope siku nyingi huku wakitafuta maji ya kunywa kwa watu. Miaka kumi baadaye alikuwa bado ananusa kopo kabla ya kunywa. Nilimwona kila siku, na sikumwuliza mpaka aliponieleza mwenyewe.

Sijui ni lini hasa mambo yaligeuka. Najua kwamba likizo ya 2018, huko Tanga, binti yangu alipewa maandazi na bibi yake akajibu, "Marahaba." Mama yangu akaweka sinia chini. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo wajukuu zangu wamekuwa Wangazija?" Wiki hiyohiyo mvulana alimfungia bibi yake bomba, bibi akiwa katikati ya kuosha vyombo. Alilifunga polepole, kwa adabu, kama anayemwondolea mzee kitu kizito mikononi.

Likizo ilipokwisha tulishuka uwanja wa ndege wa Hahaya, na tulipofika nyumbani wanangu hawakungoja mizigo iteremshwe garini. Walikimbia uani. Kabla ya kuondoka tulikuwa tumeziba matundu ya gata lote na kumwachia koko ufunguo wa kifuniko, achote apendavyo. Nikasikia ndoo ikishuka, ikashuka, kisha mlio mzito wa maji, na sauti ya mvulana ikimpigia koko kelele kwa Kingazija kwamba birika liko nusu. Nilikaa kwenye begi sebuleni nikafungua viatu.

Mwaka uliofuata tulirudi Tanga moja kwa moja. Nilimwita fundi aweke gata na tangi kwa mama, ingawa bomba lake halijakauka. Masika yalipofika, mvua ya kwanza ilinikuta uani nimeshika bomba la gata nimeligeuza pembeni, maji yanamwagika mchangani, nguo zimeniganda mwilini. Mama akatoka barazani na kanga kichwani.

"Unamwaga maji ya Mungu mwanangu?"

"Nangoja paa lioshwe, mama."

Akaja akashika bomba upande wa pili, tukangoja wote.